Mfuko Wenye Ziada, Shimo Lenye Upungufu: Niliyojifunza Nilipofanyiwa Upasuaji wa Chini ya Macho

Mifuko chini ya macho kwetu ni ya ukoo. Mama anayo, mjomba anayo, na picha ya bibi akiwa msichana inaonyesha kivuli kilekile kinachoanzia pembe ya ndani ya jicho kikishuka kuelekea shavuni. Yangu ilianza kujitokeza nikiwa na miaka ishirini na kitu. Nilipokaribia arobaini na tano ilikuwa imekomaa kiasi kwamba watu waliacha kuniuliza kama nimelala vizuri, wakaanza kuniuliza kama naumwa. Wengine walinivuta pembeni kwa huruma wakaniambia wako tayari kunisikiliza kama nyumbani kuna tatizo. Nyumbani hakukuwa na tatizo. Nilikuwa nalala vizuri kuliko wote walioniuliza.

Nilipoanza kutafuta maelezo ya upasuaji nilikutana na picha nyingi za kabla na baada, na maneno machache mno kuhusu kinachofanyika pale chini ya ngozi. Kwangu mimi hapo ndipo mambo yote yalipokuwa. Kabla ya kuuliza upasuaji gani unafaa, mtu anapaswa kujua kile anachokiona kwenye kioo kimetengenezwa na nini.

Tuanze na maji na mafuta. Uvimbe wa maji una saa zake: unaamka nao, ukila chumvi nyingi usiku unazidi, ukilia unazidi, ikifika mchana umepungua. Mzio wa vumbi huuleta, figo zikiyumba huja, na tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi au pungufu, huja pia. Uvimbe wa mafuta hauna saa. Upo asubuhi, upo jioni, upo siku ya harusi yako. Vitambaa vya baridi, mto wa pili, krimu zenye kafeini, vyote nilivitumia na sivisemi vibaya, ila vinashughulika na maji. Mafuta yaliyojificha nyuma ya ngozi na msuli hayana habari na krimu.

Daktari bingwa wa kwanza niliyemwona hakunigusa kwa muda mrefu. Alinikalisha, akaniambia nitazame dari bila kuinua kichwa. Mifuko ikachomoza. Akaniambia nitazame magoti yangu. Ikanywea. "Hayo ni mafuta," akasema. Kisha akanipa kioo cha mkononi, akazima taa ya juu, akawasha tochi ndogo na kuishika chini ya kidevu changu ikimulika kwenda juu. Weusi niliokuwa nikiufunika kwa vipodozi kila asubuhi ukatoweka karibu wote. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa kivuli tu: mfuko umetangulia mbele, bonde limebaki nyuma, na taa yoyote inayotoka juu inaliacha bonde gizani. Kilichobakia chini ya tochi ndiyo rangi ya ngozi yenyewe. Akaivuta ngozi pembeni kwa kidole, na ile rangi ikafuata kidole. "Hii," akaniambia, "kisu changu hakiiondoi. Nakwambia leo ili usije ukanidai baadaye."

Nilimpenda kwa sentensi hiyo.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Jicho limekaa ndani ya tundu la mfupa, likizungukwa na mafuta yanayolikinga. Upande wa chini mafuta hayo yamegawanyika mafungu matatu: la ndani karibu na pua, la kati na la nje. Mbele yake kuna utando mwembamba unaoyazuia. Umri unapokwenda, au ukizaliwa na utando dhaifu tangu mwanzo, unalegea kama mpira wa sketi uliochakaa, na mafuta yanasogea mbele. Ndiyo maana mtu mwembamba asiye na mafuta popote anaweza kuwa na mifuko mikubwa, na ndiyo maana kupungua uzito hakukunisaidia chochote. Kulizidisha shimo la chini yake.

Na shimo lenyewe? Chini tu ya mifuko, kwenye ukingo wa mfupa, msuli unaozunguka jicho umeshikwa na kano ngumu. Pale hapasogei. Juu yake mafuta yanachomoza. Chini yake nyama ya shavu inapungua na kushuka mwaka hadi mwaka, na hata mfupa wenyewe unarudi nyuma taratibu. Katikati panabaki mtaro unaokata shavu kwa mshazari. Ngozi ya hapo haifiki unene wa milimita 1, ni miongoni mwa zilizo nyembamba kupita zote mwilini, kwa hiyo haimfichii mtu kitu.

Kwa miaka mingi upasuaji wa sehemu hii ulikuwa wa kutoa. Mfaransa Julien Bourguet alieleza katika miaka ya 1920 jinsi ya kuyafikia mafuta kwa kupitia upande wa ndani wa ukope, bila kuacha kovu usoni, na njia hiyo inatumika hadi leo. Tatizo lilikuwa kiasi. Mtu akitolewa mafuta mengi, miaka ya mwanzo hufurahi. Shavu linapoendelea kushuka, jicho huonekana limezama na ukingo wa mfupa huanza kujichora chini ya ngozi, na mgonjwa aliyekwenda kuondoa uchovu usoni hubaki na sura ya mtu aliyeugua muda mrefu. Mwaka 1981 Raul Loeb, mpasuaji wa Brazili, aliandika kuhusu kuyatelezesha mafuta hadi kwenye bonde badala ya kuyatupa. Mwaka 1995 Sam Hamra wa Marekani akaeleza namna ya kuuachilia utando pale unaposhikana na ukingo wa mfupa, kisha kuyatandaza mafuta juu ya ukingo huo.

Nilipoelezwa hayo nilicheka mbele ya daktari. Mfuko na shimo, ambavyo nilikuwa nikivichukia kila kimoja kivyake, kimoja kilikuwa na ziada ya kile alichopungukiwa mwenzake. Nilikuwa nimekwenda kutolewa mafuta na nikaanza kuyaonea huruma.

Lakini haimfai kila mtu. Kijana mwenye mifuko bila bonde, ngozi yake imekaza, anaweza kutolewa kiasi kidogo kwa ndani na mambo yakaisha. Mwenye bonde bila mfuko hana cha kuhamisha. Kwake mafuta hutoka tumboni au pajani, huvutwa kwa mrija mwembamba, husafishwa, kisha hudungwa kidogo kidogo kando ya mfupa. Sehemu yake hufyonzwa na mwili, na hakuna anayeweza kukuahidi mapema itakayobaki ni kiasi gani. Inayobaki huwa hai: ukinenepa nayo hunenepa. Na chini ya ngozi nyembamba namna ile, hata kibonge kidogo huonekana, na kukitoa ni kazi kuliko ilivyokuwa kukiweka.

Rafiki yangu mmoja, mwenye bonde bila mfuko, aliamua kuepuka kisu akachomwa sindano za asidi ya hayaluroniki, jeli ya kujaza bonde. Sifa kubwa ya jeli hiyo ni kwamba ipo dawa ya kuiyeyusha, kimeng'enya kinachoitwa hayaluronidesi. Yeye aliihitaji. Jeli ilikuwa imewekwa juujuu mno, ikatoa rangi ya bluu ya kijivu kwa jinsi mwanga unavyotawanyika ndani yake, na kila asubuhi ilikuwa imevuta maji. Alikuwa ameambiwa itaisha yenyewe ndani ya mwaka. Haikuisha. Jeli ya eneo hilo inaweza kukaa miaka. Kuna jambo jingine ambalo hakuambiwa kabisa: kitu chochote cha kujaza kinachodungwa karibu na jicho, kiwe jeli au mafuta ya mtu mwenyewe, kikiingia ndani ya ateri kinaweza kufika kwenye ateri ya jicho na kupofusha. Ni nadra sana. Hata hivyo mtu anayekubali kudungwa mahali pasipo na daktari anapaswa kulijua kabla hajalaza kichwa kwenye kiti.

Nirudi kwenye kisu. Njia ni mbili. Ya ndani, ile ya Bourguet, inafaa ngozi ikiwa bado imekaza. Ya nje hupita milimita 2 hivi chini ya nywele za kope, na humruhusu mpasuaji kupunguza ngozi iliyozidi na kukaza msuli. Nilidhani hofu yangu kubwa itakuwa kovu, kwa kuwa ngozi yangu huota keloidi, yaani makovu yanayovimba, masikioni. Ikawa sivyo: kope ni miongoni mwa sehemu ambazo keloidi huonekana kwa nadra mno. Cha kuogopa kwa njia ya nje ni ukope kuvutwa chini. Ngozi ikikatwa zaidi kidogo, au kovu la ndani likikaza, weupe wa jicho unaanza kuonekana chini ya mboni, jicho linakuwa la duara na kukauka, na ikiwa mbaya zaidi ukope unapinduka nje. Kulirekebisha hilo ni kugumu kuliko upasuaji wa kwanza.

Kwa hiyo daktari anayeijua kazi hupima ulegevu kabla hajafungua kalenda. Wangu alishika ukope wa chini kwa vidole viwili, akauvuta mbele mbali na jicho, akauachia, akaniambia nisipepese. Wa kulia ulirudi papo hapo. Wa kushoto ulisita, ukakaa sawa nilipopepesa. Akaandika kitu. Baadaye alinieleza kwamba upande ule atauongezea uzi wa kuushikiza ukope kwenye mfupa wa pembe ya nje. Kisha akanitazama kwa upande, akiweka rula mbele ya shavu. Mtu ambaye jicho lake limetokeza mbele kuliko mfupa wa shavu hana egemeo la ukope, na kumkata ngozi mtu wa namna hiyo ni kucheza pata potea.

Nilikwenda kwa daktari wa pili pia, na namshauri kila mtu afanye hivyo hata kama wa kwanza amemridhisha. Huyu alipendekeza apitie ndani, kisha apige leza juu ya ngozi ili kuondoa mikunjo. Nikamuuliza kuhusu rangi yangu, maana leza na tindikali za kuchubua zinaweza kumwachia mtu mweusi mabaka meusi kuliko yale aliyokwenda kuyaondoa. "Mara nyingi hurudi sawa," akajibu. Nikamuuliza usiku nikipata tatizo nitampigia nani. Akasema mapokezi watanielekeza. Yule wa kwanza swali hilo hakulijibu kwa maneno. Alichukua kalamu akaniandikia namba yake. Kwa kweli hapo uamuzi ulikwisha, ingawa nilijifanya naendelea kufikiri.

Maandalizi hayana mengi, ila yaliyopo ni ya lazima. Aspirini, ibuprofeni, mafuta ya samaki, vitamini E, vidonge vya kitunguu saumu, vyote vinaweza kuongeza uvujaji wa damu na husimamishwa kama wiki 2 kabla. Aliyepewa aspirini kwa ajili ya moyo asijiachishe mwenyewe. Amuulize kwanza daktari aliyempa. Sigara nayo husimamishwa. Presha iwe imetulia. Macho yangu yalipimwa ukavu kwa kipande cha karatasi ya kuchuja kilichochomekwa ukingoni mwa ukope kwa dakika 5, kuona machozi yataloanisha kiasi gani. Mwenye macho makavu sana anaweza kuambiwa asubiri, au asifanye kabisa.

Siku yenyewe alinichora kwa kalamu nikiwa nimekaa wima. Mtu akilala mifuko hurudi ndani, bonde hupotea, na mpasuaji asiyechora mapema hufanya kazi kwa kubahatisha. Nilipewa dawa ya kusinzia kwenye mshipa, na sindano ya ganzi iliyochanganywa na adrenalini inayobana mishipa midogo ili damu isitoke ovyo. Vikinga viliwekwa juu ya mboni. Maumivu sikuyasikia. Nilisikia kuvutwa, harufu ya kitu kinachoungua pale alipokuwa akifunga mishipa kwa umeme, na sauti yake akimwambia msaidizi, "Taratibu hapo, huo ni msuli." Kati ya fungu la ndani na la kati unapita msuli mdogo unaozungusha jicho. Ukijeruhiwa, mtu anaona vitu viwiliviwili. Nilifurahi kuupata ufafanuzi huo baadaye na si pale mezani.

Alipitia ndani. Fungu la nje alilipunguza kidogo, la ndani na la kati akayatelezesha juu ya ukingo wa mfupa na kuyashikiza kwa nyuzi zilizotokea shavuni, zikafungwa juu ya vipande vidogo vya sponji. Nilikaa navyo siku chache. Watoto wa jirani walinikimbia.

Usiku wa kwanza ndio wenye uzito. Damu ikivuja nyuma ya jicho, tundu la mfupa halina pa kupanukia, na shinikizo hubana neva ya kuonea. Hutokea takriban mara 1 katika upasuaji 2,000, na wanaopoteza uoni moja kwa moja ni wachache zaidi ya hapo, lakini dalili zake ni za kuhifadhi kichwani: maumivu makali yanayozidi, jicho moja kuvimba ghafla kuliko la pili, jicho kuwa gumu, kuona giza. Ukiziona usisubiri kukuche wala usimtumie daktari picha. Unampigia ukiwa tayari njiani kwenda hospitali, maana kuna mkato mdogo kwenye pembe ya nje ya jicho unaotoa lile shinikizo, na faida yake hupungua kila dakika inayopita. Niliziandika dalili hizo kwenye karatasi nikampa mume wangu. Aliibandika ukutani. Kisha usiku kucha, kila alipoikumbuka, aliniamsha akanionyesha vidole na kuniuliza ni vingapi. Sikulala kabisa, na maumivu hayakuhusika.

Saa 48 za mwanzo ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na kichwa kuinuliwa. Wekundu na uzambarau wa damu iliyovilia ulishuka siku baada ya siku hadi kwenye taya, ukageuka njano, ukaisha ndani ya wiki ya pili. Kuinama, kubeba vitu vizito na mazoezi niliviacha wiki kadhaa. Kilichonitisha ni utando wa juu ya weupe wa jicho la kushoto, ambao ulijaa maji ukatokeza kati ya kope hata jicho halikufunga vizuri. Nilipiga ile namba. Aliniangalia asubuhi, akasema hutokea, akaongeza matone na malhamu ya usiku. Ulichukua wiki kadhaa kunywea.

Mwezi wa kwanza nilijutia. Upande wa kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia, na pale mafuta yaliposhikizwa palikuwa na ugumu niliougusa kila saa ingawa nimekatazwa. Hakuna aliyenificha kwamba matokeo husomwa kati ya mwezi wa 3 na wa 6, ila kuambiwa ni kitu kimoja, na kusimama mbele ya kioo ukiwa na uso usio sawa ni kitu kingine. Nawashauri wanaofikiria upasuaji huu wasiupange karibu na shughuli yoyote ya kupigwa picha.

Mifuko imeondoka. Bonde limepungua sana bila kwisha. Kwenye pembe ya ndani kabisa kuna mstari unaojitokeza nikikaa chini ya taa kali. Rangi iko vilevile, kama nilivyoahidiwa. Mikunjo ya kicheko ipo. Jioni, nikikaa sana mbele ya kompyuta, macho hukauka na natumia matone ya machozi ya bandia, ambayo zamani sikuyahitaji. Watu wengi hawakugundua chochote zaidi ya kusema nimepumzika. Mama peke yake ndiye aliyenishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga na kuuliza, "Umeyapeleka wapi, mwanangu?" Nikamwambia yapo, yamesogezwa chini kidogo. Jibu hilo hakulielewa wala hakulipenda.

Dada yangu mkubwa naye alitaka palepale, nikamsindikiza kwa daktari yuleyule. Alimpima kama alivyonipima mimi: dari, magoti, tochi. Mifuko ya dada haikubadilika akitazama juu wala chini. Imekaa chini zaidi, juu ya mfupa wa shavu, na ukiibonyeza ni laini ya maji. Daktari akamwambia upasuaji wa ukope haugusi uvimbe wa pale, na kwamba baadhi ya watu huwazidia baada ya kisu. Akaanza kumuuliza mambo ambayo mimi hakuniuliza kwa kirefu: baridi anaionaje, uzito umepanda, nywele zinakatika, choo kinapatikana? Akampeleka kupima damu. Tezi yake ilikuwa inafanya kazi pungufu, na inawezekana ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Ameanza vidonge. Ameambiwa wasizungumzie kisu hadi homoni zikae sawa kwa miezi kadhaa, na uvimbe wa asubuhi umeshaanza kupungua. Dada hajafurahi hata kidogo. Anasema alikwenda kutafuta upasuaji, akarudishwa na vidonge, na kila tukionana anasogea karibu na dirisha na kuniuliza kama naona mifuko yake bado inahitaji kukatwa.